Matandiko ya mgeni wa kwanza

Chumba cha Seva: wasomaji wanauliza, fundi anajibu

SWALI: Shikamoo dada fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nakaa Sinza. Kwa ajili ya mradi wa chuo naandika haipavaiza ndogo, yaani programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi, kwa lugha ya C juu ya KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayosaidia kazi hiyo, kwenye laptop ya mtumba yenye prosesa ya Intel niliyonunua Kariakoo. Ina prosesa pepe moja tu. Mgeni wangu (mfumo unaokimbia ndani ya kompyuta pepe), ambaye ni Linux ndogo, anawaka vizuri mara ya kwanza. Nikimwambia ajiwashe upya kutoka ndani, hawaki tena. Wakati wa kuriseti nafuta kumbukumbu yote, nasoma upya faili la biosi (programu ya kwanza kukimbia kompyuta inapowaka), rejesta zote (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) naziweka sifuri, kisha RIP, inayoonyesha amri inayofuata, naiweka FFF0. Mwanzoni KVM ilinipa kosa la kuingia lenye namba 80000021. Rafiki yangu akaniambia RFLAGS, rejesta ya bendera za hali, iwe 2. Nikaweka, kosa likaondoka, lakini sasa programu inaandika "shutdown" bila kukoma mpaka niiue. Wiki mbili sasa, na siku ya kuwasilisha inakaribia. Nisaidie.
Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wiki mbili ni nyingi, pole. Ulichofanya ndicho karibu kila mtu hufanya mara ya kwanza: kudhani kwamba kuriseti ni kuweka sifuri.

Mama yangu alifanya kazi ya usafi kwenye gesti moja Magomeni, na likizo za shule nilikuwa naenda kumsaidia. Mgeni akitoka saa nne asubuhi, chumba hakimwagwi chote nje. Shuka na foronya zinabadilishwa, kandambili za bafuni zinarudi mbili mbili chini ya kitanda, chandarua kinafungwa fundo, ufunguo unatundikwa kwenye msumari wake. Namba ya mlangoni haiguswi, saa ya ukutani haiguswi. Kila kitu kina hali yake ya kuanzia, na si kila hali ya kuanzia ni utupu. Mgeni wa pili akikuta kandambili moja atakwenda mapokezi hata kama sakafu inang'aa. Rejesta za prosesa ziko hivyo hivyo, tena prosesa haina subira ya mgeni wa Magomeni.

Tuanze na ile 80000021. Hiyo 8 ya mbele ni biti ya 31, inayosema kuingia kwa mgeni kumeshindikana. Ile 21 ya mwisho, ukiitoa kwenye hesabu ya kumi na sita, ni 33, na kwenye orodha ya Intel 33 maana yake hali ya mgeni si halali. Biti namba 1 ya RFLAGS haina kazi yoyote, lakini Intel wameandika kwamba daima ni 1, na prosesa huikagua kabla ya kumruhusu mgeni aingie. Wewe uliiweka 0. Kerneli za siku hizi huiwasha biti hiyo zenyewe unapoita KVM_SET_REGS, kwa hiyo nadhani laptop yako ina kerneli ya zamani. Rafiki yako alikuambia ukweli.

Sasa hiyo "shutdown". Unaposema "rejesta zote", unamaanisha zile zilizomo kwenye KVM_SET_REGS. Humo mna rejesta za kawaida, RIP na RFLAGS, basi. Rejesta za udhibiti CR0, CR3, CR4 na EFER, segimenti zote, na anwani za majedwali ya GDT (la segimenti) na IDT (la kushughulikia makosa na makatizo) ziko kwenye mwito mwingine, KVM_SET_SREGS, na huo hukuugusa. Fuatana nami polepole. Linux ya kwanza imekufa, lakini CR0 bado inasema kurasa zimewashwa, EFER bado inasema tuko kwenye biti 64, na CR3 bado inaelekeza mahali lilipokuwa jedwali la kurasa (ramani ya anwani za kumbukumbu) la marehemu. Nawe umeshafuta kumbukumbu, kwa hiyo pale pana sifuri tupu. Prosesa inakwenda kuchukua amri ya kwanza kwenye FFF0, inauliza jedwali, jedwali halina kitu: kosa la kwanza. Inatafuta kwenye IDT nani ashughulikie kosa hilo, lakini anwani ya IDT nayo inapita kwenye jedwali lile lile: kosa la pili. Inatafuta wa kushughulikia kosa la pili, yale yale: kosa la tatu. Hapo prosesa inanyoosha mikono. KVM inakurudishia KVM_EXIT_SHUTDOWN, programu yako inaelewa kwamba mgeni anaomba kuwashwa upya, inapanga sifuri zake tena, na mduara unarudi mwanzo. Ndiyo maana haukomi.

Na kwa nini mara ya kwanza anawaka? Kwa sababu siku ile hukuriseti wewe. Ulipoita KVM_CREATE_VCPU, kerneli iliitandika prosesa pepe yako yenyewe, kila rejesta mahali pake. Ulipokea chumba kilichokwisha kuandaliwa, ukadhani ndivyo kilivyozaliwa.

Hali yenyewe ya kuanzia, kwa prosesa za x86 (familia ya Intel na AMD), thamani za rejesta zikiwa kwa hesabu ya kumi na sita, iko hivi. RIP ni FFF0. Kiteuzi cha CS, segimenti ya amri, ni F000, lakini msingi wake uliofichika ni FFFF0000. Ukijumlisha unapata FFFFFFF0, yaani baiti 16 tu chini ya GB 4. Hapo ndipo biosi inapotakiwa kuwa na amri yake ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni kuruka kwenda kwingine, maana baiti 16 hazitoshi kufanya kazi yoyote ya maana. RFLAGS ni 2. CR0 ni 60000010. CR2, CR3 na CR4 ni sifuri kweli. DR6 ni FFFF0FF0 na DR7 ni 400. Kikomo cha IDT ni FFFF. RDX nayo si sifuri: hubeba saini ya prosesa, yaani familia, modeli na toleo lake.

Hapo kwenye CS angalia kwa makini, maana pananasa watu wazima. Katika hali ya biti 16 tumezoea kwamba msingi ni kiteuzi mara 16, na F000 mara 16 ni F0000. Ukiandika F0000 kwenye msingi, prosesa itaanzia FFFF0, mahali ilipoanzia 8086 ya mwaka 1978. Mara nyingi biosi huwa na nakala yake hapo chini ya MB 1, kwa hiyo utaona inafanya kazi, utafurahi, kisha siku utakayobadilisha biosi itakufa na hutakumbuka ulipokosea. Andika FFFF0000 tangu leo.

Ushauri wangu ni usiziandike namba hizi zote kwa mkono. Mara tu baada ya KVM_CREATE_VCPU, kabla mgeni hajagusa chochote, ziite KVM_GET_REGS, KVM_GET_SREGS, KVM_GET_FPU na KVM_GET_DEBUGREGS, uhifadhi majibu. Hiyo ndiyo picha ya chumba kilichotandikwa. Siku ya kuriseti unairudisha picha nzima. Kuna jambo moja la kuangalia: ukipiga picha kabla ya kuiambia KVM prosesa pepe ni ya aina gani kwa KVM_SET_CPUID2, RDX utakayoikuta ni 600, thamani ya jumla ambayo KVM huweka ikiwa haina saini ya kusoma. Linux haitajali. Biosi fulani itajali. Iandike saini sahihi mwenyewe.

Ukimaliza hayo atawaka mara ya pili, nina hakika. Lakini nakuomba usiishie hapo, na sababu nitakueleza kwa kilichonipata mimi.

Ilikuwa masika, Jangwani imejaa maji, mwendokasi hayapiti, nami nakaa Kimara. Nikaamua kulala ofisini. Nilikuwa na haipavaiza yangu ya majaribio, inayoriseti vizuri kwa namna hiyo hiyo niliyokufundisha hapa juu. Mgeni anawaka mara ya pili, anafanya kazi dakika moja au mbili, kisha anaanguka. Siku nyingine anaanguka kwenye diski, siku nyingine kwenye mtandao. Nikatoa nakala ya kumbukumbu yake, nikasubiri kidogo, nikatoa nyingine, nikazilinganisha. Katika ukurasa mmoja ambao kerneli mpya ilikuwa imeugawa kwa kazi nyingine kabisa, kulikuwa na baiti 32 zisizotulia. Nane kati yake, nilipozisoma kama namba moja, zilikuwa zinaongezeka. Nikatoa nakala ya tatu, zimeongezeka tena, kwa kiasi kinacholingana na sekunde nilizosubiri ukizihesabu kwa nanosekunde.

Nilikaa nimeitazama ile namba kwa muda. Ilikuwa ni saa. Mgeni wa kwanza, alipokuwa hai, alikuwa ameiandikia rejesta ya 4B564D01 anwani ya mahali anapotaka mwenyeji, yaani kerneli ya kompyuta halisi, amwandikie saa. Rejesta hiyo haipo kwenye prosesa halisi, ni ya KVM peke yake, na ukizisoma baiti 4B, 56 na 4D kama herufi unapata K, V, M. Mimi nilikuwa nimeriseti kila kitu isipokuwa hiyo. Mwenyeji hakujua kwamba aliyeomba saa ameshaondoka. Akaendelea kuiandika pale pale, kwa uaminifu kabisa, juu ya data za mgeni wa pili.

Kwa hiyo baada ya picha ile, andika sifuri kwenye rejesta hiyo kwa KVM_SET_MSRS, pamoja na nyingine zote ambazo kwazo mgeni humpa mwenyeji anwani ya kuandikia. Hizo ndizo za hatari kuliko CR0. CR0 ikibaki chafu, mgeni anakufa papo hapo mbele ya macho yako. Rejesta ya namna hii ikibaki chafu, anakufa kesho, mahali pengine, kwa jina lingine. Kisha rudisha APIC, kidhibiti cha makatizo cha prosesa, kwa KVM_SET_LAPIC ili katizo lililokuwa linasubiri lisimfuate mtu asiyelijua, futa makosa yanayosubiri kwa KVM_SET_VCPU_EVENTS, na ukiwa na prosesa pepe zaidi ya moja, ya kwanza iweke tayari kukimbia na nyingine zote zingoje kuitwa, kwa KVM_SET_MP_STATE. Zikianza zote kwa pamoja pale FFFFFFF0, biosi itavurugika.

Namba ya APIC usiibadilishe. Hiyo ndiyo namba ya mlangoni.

Jambo la mwisho, kwa ufupi. Hakikisha unasikiliza pia baiti FE ikiandikwa kwenye poti 64, ambayo ni ya kidhibiti cha kibodi. Linux ni mojawapo ya mifumo inayoitumia kuomba kuwashwa upya. Inashangaza kibodi iwe na mamlaka hayo, lakini ina historia. Prosesa 80286 ikishaingia hali ya ulinzi haikuwa na njia ya kutoka ila kurisetiwa, na kwenye kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984 waya wa kuiriseti uliunganishwa kwenye chipu ya kibodi. Biosi ilipoamka ilisoma baiti ya 0F kwenye CMOS, kumbukumbu ndogo inayotunzwa na betri, ili ijue kama ni kuwashwa kweli au ni mtu alikuwa anatoka tu hali ya ulinzi. Miaka zaidi ya arobaini imepita na mgeni wako bado anagonga mlango ule ule.

Chapisha CR0, CR3, EFER na msingi wa CS kabla ya kuriseti na baada, ziweke ukurasa mmoja kwenye ripoti yako. Msimamizi akikuuliza kwa nini mara ya kwanza iliwaka na mara ya pili ikakataa, mwonyeshe ukurasa huo.

SWALI: Dada fundi, habari za kazi. Nasoma kodi (msimbo wa programu) ya KVM upande wa prosesa za ARM kwa sababu nina bodi ndogo nyumbani. Naona prosesa pepe moja ikiomba nyingine iwashwe kwa CPU_ON ya PSCI (utaratibu wa ARM wa kuwasha na kuzima prosesa), kerneli haiiriseti ile nyingine pale pale. Inaandika maombi tu na kuiamsha. Je, si kupoteza muda? Mimi ningeiriseti moja kwa moja.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Salama ndugu yangu. Si kupoteza muda, na waliofika hapo walipitia njia uliyoitaja wewe kwanza.

Prosesa pepe kwa KVM ni uzi wa kawaida wa programu. Uzi huo ukiwa umepakiwa kwenye prosesa halisi, baadhi ya rejesta za mgeni ziko ndani ya chuma chenyewe, na nakala iliyoko kwenye kumbukumbu imepitwa na wakati. Sasa uzi wa prosesa 0 ukija kuandika thamani safi kwenye nakala ya prosesa 1, kisha uzi wa prosesa 1 ukashushwa na kupisha mwingine, chuma kitamimina thamani zake za zamani juu ya zile safi. Umetandika kitanda huku mwenye chumba yumo ndani anabadilisha nguo. Kwa hiyo anayeomba huacha ujumbe wenye mambo machache: anwani ya kuanzia, thamani ya kuwekwa kwenye rejesta ya X0, na kama mgeni anasoma baiti kubwa kwanza au ndogo kwanza. Kisha anahakikisha ujumbe umeonekana kabla ya bendera ya kuamka, na anamwamsha mwenzake. Yule anayeamshwa anajiriseti mwenyewe, ndani ya uzi wake, kabla ya kumwingia mgeni. Na kama alikuwa macho tayari, mwombaji hujibiwa kwamba ameshawashwa, na hakuna kinachoguswa.

Kuna kisa kimoja cha upande huo ninachokipenda. Zamani, ili kujua kama kuna rejesta iliyosahaulika, kodi ya ARM ilianza kwa kujaza rejesta zote za mfumo takataka, baiti yenye thamani 42 ya hesabu ya kumi na sita ikirudiwa kila mahali. Halafu iliita vitendo vya kuriseti kimoja kimoja, mwishoni ikakagua. Rejesta iliyobaki na 42 ilikuwa ushahidi kwamba imesahauliwa, na kerneli ilisimama kwa kelele. Hesabu safi kabisa, nami nimewahi kuitumia kwenye kazi zangu. Tatizo ni kwamba kuriseti kunaweza kutokea wakati mgeni anaendelea kukimbia kwenye prosesa zake nyingine, na katika ule muda mfupi kati ya takataka na thamani safi, sehemu nyingine ya KVM inaweza kuja kuisoma rejesta ikakuta 42 na kuiamini. Mwaka 2019 takataka hizo ziliondolewa. Badala yake kodi ikawa inaweka alama tu kwamba kitendo cha kuriseti rejesta fulani kimeitwa, na ukaguzi ukafanyika juu ya alama, rejesta zenyewe hazikuchafuliwa tena.

Ukiandika ya kwako, fuata hiyo.

SWALI: Mgeni akirisetiwa, je, kumbukumbu yake inafutika? Nina faili la nywila kwenye mashine pepe ninayotaka kumwachia mwenzangu.
Msomaji, Mbagala

JIBU: Haifutiki. Kuriseti kunahusu prosesa na vifaa, RAM inabaki na ilichokuwa nacho mpaka mtu aandike juu yake. Hata kwenye kompyuta halisi, mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba funguo za siri zinaweza kusomwa kwenye RAM hata baada ya umeme kukatwa kwa muda mfupi. Mwanafunzi wetu wa Sinza anaifuta kwa sababu ameamua mwenyewe, haipavaiza nyingi hazifanyi hivyo. Na faili lililoko kwenye diski halihusiki kabisa na kuriseti, hilo lazima ulifute au ubadilishe diski nzima. Kwa upande wa RAM, izime programu ya mashine pepe yenyewe kwa mwenyeji, uiwashe tena. Linux humpa mchakato mpya kurasa zilizojazwa sifuri, hazina kilichoachwa na mwingine. Usiitumie njia ya kuihifadhi na kuiendeleza baadaye, kwa kuwa hiyo huandika RAM yote kwenye faili, na nywila zako zikiwemo.